Mwaisha wa Bigwa na Kitabu Kilichosomwa Kimya

Wasikilizaji wapendwa, saa hii ni saa nane na dakika tano mchana. Aliye na chungu jikoni apunguze moto, asogee. Leo tunamkumbuka Bibi Mwaisha binti Pazi wa Bigwa, Morogoro, aliyetutoka Jumanne ya wiki iliyopita. Umri wake haujulikani sawasawa. Watoto wake wanasema ni tisini kasoro. Yeye mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa mwaka ambao nzige walikula mpaka nyasi za mapaa, basi hesabuni wenyewe.

Bibi Mwaisha hakuwa mtu wa serikali, wala hakuwa mwimbaji. Alikuwa na kitabu. Nasema tena, alikuwa na kitabu. Kilikuwa kitabu cha hadithi za kutisha, alichokiandika kwa mkono wake enzi za Mjerumani, na kwa ajili ya kitabu hicho mumewe nusura apigwe viboko ishirini na vitano.

Nimekwenda Bigwa. Nimekishika. Ni daftari la shule, jalada limeliwa na mchwa, na linanuka moshi. Mimi si mtu wa kuogopa karatasi. Lakini nililisoma barazani, nje, watu wakipita.

Tuanze na baba yake. Mzee Pazi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe mpaka Bagamoyo, akarudi na vitambaa, mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Mwaka 1907 reli ikafika Morogoro, na kazi ya upagazi ikafa. Mzee akabaki na bega bovu na hadithi za njiani. Mwaka uliofuata akafa naye. Mwaisha alikuwa ameolewa punde, na hilo lilimuuma: kwamba bega limezikwa na hadithi nazo zimezikwa.

Mumewe aliitwa Rehani, kibarua wa reli. Rehani alikuwa amesoma shule miaka miwili, akajua herufi. Akamfundisha mkewe kwa kuandika na kidole juu ya unga uliotandazwa kwenye ungo. Somo likiisha, unga unasongwa ugali. Mama yake Mwaisha, Mama Mosi, aliyekuwa akikaa nao, alinung'unika kwamba siku hizi ugali una maneno mengi.

Mwaka 1909 Mwaisha alianza kuandika. Hadithi ya kwanza ni ya baba yake, inaitwa Mzigo Uliokuwa Ukipumua. Mpagazi mmoja alipewa mzigo Bagamoyo. Ulikuwa mwepesi kuliko mizigo ya wenzake. Akafurahi, mjinga yule. Siku ya pili ukaongezeka uzito kidogo. Siku ya tatu, wakipanda kilima, akausikia unampumulia kisogoni.

Naishia hapo. Sababu nitaieleza, msinipigie kelele.

Kitabu kilipata wasomaji. Si wengi, maana waliojua kusoma walikuwa wachache. Mmoja aliitwa Dominiko, mkulima wa huko juu mlimani, Mkatoliki, aliyefundishwa kusoma na mapadre. Siku za soko alishuka na viazi ulaya, akauza, kisha akapita kwa Rehani kusoma. Naye akaleta hadithi yake, Mwaisha akaiandika: Anayeita Kwenye Ukungu. Ni habari ya sauti inayokuita jina lako mlimani wakati humwoni mtu. Ukiitika, basi.

Walikuwa na desturi yao. Kila msomaji akimaliza, anachukua mkaa na kuweka alama chini ya hadithi iliyomtisha kuliko zote. Nimezihesabu. Mzigo una alama kumi na nne, Ukungu una kumi na tatu. Lukasi, mjukuu wa Dominiko, alinieleza kwa uso mkavu kabisa, "Babu mpaka anakufa alisema ile alama ya kumi na nne Rehani aliiweka kwa kumpendelea mkewe. Hakusamehe."

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa. Hakuna aliyekubali kulala nyumba moja na kitabu kile. Kila mtu alisema haogopi, ila mke wake anaogopa. Kwa hiyo kitabu kililala nje, ndani ya chungu kilichovunjika shingo, chini ya uchaga wa mahindi. Na kwa kuwa hakiingii ndani usiku, kikawa kinasomwa mchana.

Hapo mjomba akaja juu. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba wake Mwaisha, Mzee Abasi, hakuwa na mzaha. Nyinyi mnaijua mila ile. Hadithi haisimuliwi mchana. Wengine husema ukisimulia mchana utaota pembe. Kwa ukoo wao ilikuwa kali zaidi: anayesimulia hadithi mchana, mama yake hufa.

Mwaisha akajitetea kwamba yeye hasimulii, anasoma. Mjomba alifikiri siku mbili nzima. Halafu akatoa hukumu. Kusoma kwa macho ruhusa. Kutoa sauti marufuku. Mdomo ukifunguka, hiyo ni hadithi, na mama ni wako.

Basi wakawa wanasoma kimya. Watu wanne, watano, wamekaa kando ya uchaga jua la saa tisa, midomo imefungwa, wanapokezana daftari. Mmoja akimaliza ukurasa anashika kifua. Mwingine anatazama milimani. Anayefuata anavuta mkaa, anachora, anampa jirani. Hakuna neno.

Nawauliza, wasikilizaji wapendwa. Ungepita pale ungefikiri nini?

Ilikuwa mwaka 1910. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, na wakubwa walikuwa wakisikia jani likianguka wanauliza limetumwa na nani. Akida wa upande ule, mtu wa pwani, alipewa habari na wapambe wake: watu wa Bigwa wanakutana kimya, wanapeana karatasi, wanatia alama za mkaa. Akida hakuhitaji zaidi. Askari wakaja siku ya soko. Dominiko alikuwa bado yuko sokoni na viazi vyake. Daftari lilikuwa mikononi mwa Rehani. Rehani akafungwa kamba, akapelekwa bomani.

Hukumu ikawa inajulikana kabla ya shauri, viboko ishirini na vitano na mnyororo miezi sita. Rehani alikuwa mwembamba, na mwaka ule homa ilikuwa imeshamlaza mara mbili. Bigwa nzima ilijua kwamba hatarudi.

Shauri lilisikilizwa adhuhuri, uwanjani. Mkubwa wa shauri alikuwa afisa wa Kijerumani, jina lake watoto wa Mwaisha hawalijui, nami sitalibuni. Alijua Kiswahili. Alimwamuru akida asome daftari. Akida alijua herufi za Kiarabu tu, hizi nyingine hakuzijua, kwa hiyo alikuwa amemfunga mtu kwa maandishi asiyoweza kuyasoma. Afisa akajaribu mwenyewe. Mwaisha alikuwa ameandika maneno yameshikana kama mahindi kwenye gunzi, bila nafasi. Afisa akashindwa, akauliza ni nani aliyeandika. Rehani akanyamaza ili asimtaje mkewe. Kunyamaza kukamponza zaidi, maana kosa lenyewe lilikuwa kunyamaza.

Mwaisha alikuwa pale, katika kundi la watu. Mama yake alikuwa ameketi chini karibu naye. Mama Mosi alikuwa mgonjwa tangu masika, lakini siku ile alikataa kubaki nyumbani. Mwaisha aliliangalia jua. Lilikuwa utosini. Akisoma kwa sauti, mila inamchukua mama. Asiposoma, kiboko kinamchukua mume. Huyu mwanamke alikuwa na miaka kumi na minane hivi.

Akainama akamwambia mama yake kwamba jua liko juu. Mama Mosi akamjibu, na maneno haya nimeyapata kwa Chausiku, binti wa marehemu, aliyeyasikia kwa mama yake mara nyingi:

"Soma, mwanangu. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Huyo hajaila hata ya kutosha mboga."

Mwaisha akatoka mbele. Akasema yeye ndiye aliyeandika. Wakampa daftari. Hadithi za baba yake zilikuwa zikianza kama watu wa pwani wanavyoanza, maana huko ndiko alikozipata. Basi akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma neno la kwanza kwa sauti.

"Paukwa."

Na akida akajibu, "Pakawa."

Hakukusudia. Mtu wa pwani akisikia paukwa hujibu hata akiwa usingizini. Nyuma yake askari wawili wa mlangoni wakajibu. Kisha uwanja mzima. Afisa akamgeukia akida, akamwuliza amejibu nini. Akida ikabidi aeleze, mbele ya watu wote, kwamba ndivyo zinavyoanza hadithi za watoto. Kwa kinywa chake mwenyewe, nasema tena, kwa kinywa chake mwenyewe akaifungua kamba aliyoifunga.

Afisa akaamuru aendelee. Mwaisha akasoma ukurasa mmoja na nusu. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Alipofika mahali mzigo unapompumulia mpagazi kisogoni, askari mmoja aligeuka nyuma. Afisa akasema yatosha. Rehani alipigwa viboko vitano kwa kukusanya watu bila ruhusa, akaachiwa. Vitano si haba. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu yake, na aliishi miaka thelathini na moja baada ya siku ile.

Siku ya tisa baada ya shauri, Mama Mosi alizidiwa. Mimi natoa habari kama nilivyopewa. Alikuwa mgonjwa tangu masika, hilo nimekwisha kulisema. Ilikuwa saa kumi alasiri. Alimwita bintiye akamwuliza, "Ule mzigo, ulifika?"

Lazima niwaeleze jambo. Mama Mosi alikuwa mwoga. Mumewe alisimulia hadithi ile miaka yote, na kila alipofika siku ya tatu, yeye aliinuka kwenda kuchochea moto. Mwisho hakuwahi kuusikia. Na pale bomani ulikatizwa. Sasa alikuwa anataka kujua.

Mwaisha alitazama nje. Jua lilikuwa bado lipo. Akaona amekwisha kuvunja mwiko mara moja, asiongeze. Akamwambia, "Jua likizama, mama, nitakusomea mpaka mwisho." Mama yake akasema haya.

Alikufa kabla ya magharibi.

Mwaisha alikirudisha kitabu chunguni. Wasomaji walipokuja aliwapa wakasoma, hakuwanyima. Vita vya Wazungu vilikuja, Mjerumani akaondoka, chungu kikabadilishwa mara tatu. Yeye mwenyewe hakukifungua tena. Chausiku anasema hata watoto walipoomba hadithi usiku, mama yao aliwaambia kalaleni. Nilimwuliza kama mama yake aliamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua. Chausiku alichambua mchicha kwanza. Akasema, "Hapana. Hilo alimwachia Mungu. Kilichomkaa ni lile jua. Alikuwa akisema, nililisubiri jua na mama hakuwa na muda."

Jumanne ya wiki iliyopita, Bibi Mwaisha alikuwa kitandani, Bigwa. Ilikuwa saa saba mchana. Akamwambia Chausiku akalete daftari, amsomee Mzigo mpaka mwisho, kwa sauti. Chausiku ana miaka sitini na kitu, ana wajukuu, na aliogopa. Anaijua mila. Anayesoma ni yeye, mama ni huyu hapa. Alimwomba wangoje kidogo jua litue. Mama yake akamwambia, "Chausiku, mimi ndiye mama, na mimi ndiye nakuambia. Usilitazame jua. Soma."

Chausiku akasoma. Alisema sauti ilimtetemeka mpaka ile siku ya pili ya mpagazi, baadaye ikakaa. Alipofika mwisho, mama yake aliuliza alama ziko ngapi. Akaambiwa kumi na nne kwa kumi na tatu. Akacheka kidogo. Jua lilikuwa bado juu alipokata roho, na hadithi ilikuwa imekwisha.

Kwa Chausiku, kwa watoto, wajukuu na vitukuu wa Bigwa, na kwa ndugu zetu wa mlimani, ukoo wa Dominiko, walioshuka kuzika ingawa bado wanabisha kuhusu ile alama moja: poleni sana. Mungu amlaze pema Bibi Mwaisha binti Pazi. Kwetu tuliobaki, tafakari ni ndogo. Kila mmoja wetu ana mtu anayemdai mwisho wa hadithi, na anajiambia atammalizia jioni. Mfikirie mtu huyo sasa hivi.

Mimi pia nimo. Mama yangu yu hai, yuko Mkuyuni, na kipindi hiki hakimpiti. Ndiyo maana mwanzoni niliishia siku ya tatu. Siamini mambo haya, ila mama ni mmoja. Jumapili nilikwenda kumwona, nikamsimulia habari hii, nikaishia pale pale. Akaniuliza, ule mzigo ulifika? Nikamwambia jua likizama. Kisha nikakimbilia gari la saa kumi na moja.

Saa ya hapa studio inasema saa nane na ishirini. Jua liko pale lilipo.

Mama, shikamoo. Mzigo ulifika. Mpagazi aliubeba mpaka kwao, umemlemea, hawezi tena kuinua uso. Mama yake akatoka mbio nyumbani. Akampita. Akaushika mzigo, akaukumbatia, akalia, akasema, "Mwanangu, umerudi." Halafu akamtazama yule mpagazi akauliza, "Na huyu aliyekubeba ni nani?"