Wamo Wangapi Ndani ya Mesoni?

Chupa ilikuwa ya dawa ya macho, na Pasipoti alikuwa ameinyanyua juu kama mchungaji anayebariki mafuta. Jina lake hasa Ernesti, ila kwa kuwa aliendesha malori hadi Lusaka na Lubumbashi, kijiwe cha kahawa cha Fausta, Old Korogwe, kilimbatiza upya, naye akakirudishia fadhila kwa uongo wa kila nchi. Leo alikuwa akimweleza mzee Kisemei, mfugaji aliyetoka Handeni alfajiri, kile anachosomea Neema, binti wa mzee huyo, chuo kikuu. Mzee alikuwa na la kuamua: binti aende shahada ya pili, au aolewe kama wajomba wanavyodai.

— Hii ndiyo mesoni, mzee wangu. Chembe ndogo kuliko vumbi. Nilipewa na profesa, Ndola.

Mzee akaipokea, akanusa, akapiga chafya mbili.

— Huu ugoro.

Kijiwe kikalipuka. Pasipoti naye akacheka, maana angefanyaje? Kwa bahati, Neema akatokea upande wa stendi.

— Shikamooni. Baba, mesoni ninazosoma hazikai kwenye chupa. Zinazaliwa na kuvunjika kabla hata mwanga haujavuka unene wa unywele.

— Sasa mnazionaje? — akadakia Mwinjuma, fundi baiskeli.

— Hatuzioni. Tunahesabu vipande vyake. Vikizidi mahali pamoja, mchoro wa hesabu hiyo unainuka kama kichuguu. Hapo tunajua imepita. Mimi napiga hesabu kichuguu kitokee wapi.

— Ee bwana! — Mwinjuma akasimama. — Ndiyo maana pancha nyingine hazina msumari! Mesoni imeingia, imetoboa, imekufa!

— Na birika langu je? — akasema Fausta. — Nikigeuka tu, nusu!

— Hayo madogo, — akasema Pasipoti, asiyekoma. — Mimi mpakani tani kumi za saruji ziligeuka mesoni. Nikawaeleza askari, wapi!

Mzee Kisemei akagonga fimbo chini.

— Hiyo iliyopita, ndani yake wamo wangapi?

— Saba! — akasema Pasipoti.

— Mmoja, na mkewe! — akasema Mwinjuma.

Wote wakamgeukia Neema.

— Sijui, baba. Nyingi zina wawili, kwaki, yaani chembe ndogo zaidi ya ndani, na mwenzake wa kinyume. Hii yangu, wengine wanasema wawili, wengine wanne. Maprofesa wanabishana mpaka leo. Ndiyo nataka kwenda kuipigia hesabu.

— Ukikosea?

— Wenye mashine watapima, nitaumbuka. Nitafuta, nianze upya.

Mzee akamtazama binti yake. Kisha akamtazama Pasipoti, kwa muda mrefu zaidi, akainuka.

— Kwa hiyo umeelewa, mzee? — Pasipoti akauliza, akitafuta pa kujifichia.

— Hata kidogo. Jumatatu anapanda basi.