Gharika ya Mwananyamala na Waliopunga Mkono

Baba Paroko, ndugu na majirani, kwa niaba ya ukoo wa mzee Anselmo nawasomea safari ya dada yetu, na mkiona nasoma kwa mori msinishangae, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kusimulia jambo kwa upole.

Marietha Anselmo alizaliwa Masasi tarehe 14 Machi 1979, akasoma hukohuko hadi kidato cha nne mwaka 1997, mwaka uliofuata akaja Dar es Salaam na kuanza kupiga video za harusi, na tarehe 21 Agosti 2004 akafunga ndoa na Benedikto hapa Mwananyamala, akimwelekeza mpiga kamera akiwa palepale altareni, wakajaliwa watoto wawili, Hope na Deogratias.

Mwaka 2019 alianza filamu yake, gharika inameza dunia nzima na binadamu wanaobaki ni wa mtaa huu tu, lakini boza la maji alilokodi kuleta gharika lilipofunguliwa uchochoroni, majirani mlitoka na ndoo na madumu, waigizaji wakiwa mbele, gharika ikageuka foleni. Hiyo aliiacha humohumo kwenye filamu. Lililomshinda ni onyesho la mwisho, walionusurika wakitazama jua likichomoza, maana kila alipoinua kamera mlikumbuka video zake za harusi, mkamsogelea mkitabasamu na kupunga mkono, akarudia na kurudia, akagombana na karibu kila mmoja wenu, akiogopa kufa filamu ikiwa bado haina mwisho.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na akiwa kitandani aliangalia upya vipande vyote vya watu wanaopunga, akacheka hadi nesi akaja mbio, akamwambia mumewe, "Jamani, mtu aliyenusurika anaachaje kupunga mkono? Mie nilikuwa najisumbua bure." Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi video wenzake, na ninyi majirani mliomvumilia pamoja na boza lake.

Kamera ile juu ya paa, mliyodhani ni ya msiba, ni ya filamu, ameishika binti yake Hope, kwa kuwa Marietha aliacha wosia onyesho la mwisho lipigwe leo, mkiwa wote mmekusanyika. Tunaomba msimame, na machozi yenu hivyohivyo, mtazame kule juu, mpunge mkono kama mlivyozoea.

Hope, washa kamera. Pumzika kwa amani, dada, tuliobaki tunakupungia.