Fundi Twumasi na Gari Lililotetemeka Kila Jumatatu

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Fundi Mkuu Kwaku Twumasi anastaafu baada ya kuitumikia Gereji ya Asomdwee, hapa Suame, kwa miaka arobaini na moja. Alikuja mwaka 1984 akiwa na nywele nyingi na spana moja. Anaondoka na spana nyingi.

Sote tunamwita Mjomba, hata wateja wanaomzidi umri. Alianzia kwenye breki za malori ya mbao, akahamia injini, na tangu mwaka 2003 amesimamia ufufuaji wa magari ya zamani. Magari yaliyokutwa bandani yakiwa na kuku ndani, yeye aliyatoa yakitembea. Kuku mmoja alikataa kushuka, akaenda naye hadi kwenye majaribio.

Chombo chake cha kupimia ni bakuli la maji. Hulijaza hadi ukingoni, huliweka juu ya dashibodi, kisha huendesha polepole. Maji yakimwagika, gari bado linaumwa. Yasipomwagika, huyanywa na kumwita mwenye gari. Miezi ya joto tulishuku kwamba baadhi ya magari yalipona mapema kwa sababu Mjomba alikuwa na kiu.

Hatuwezi kumuaga bila kueleza habari ya Humber nyeusi ya mwaka 1958, mali ya marehemu Mzee Amankwatia. Mjane wake, Bibi Konadu, ambaye nyumba yake inatazamana na gereji yetu, alituletea gari hilo mwezi Februari. Alitaka jambo moja tu: siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha mumewe, Jumamosi tarehe 14 Juni, Humber iongoze msafara, naye akae kiti cha nyuma upande wake wa siku zote.

Kufikia Mei bodi iling'aa na injini ilinguruma vizuri. Lakini gari likienda mwendo wa baiskeli, lilitetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Likikimbia, lilitulia. Taabu ni kwamba msafara wa msiba haukimbii.

Bwana Fosuhene, mdogo wa marehemu, alifurahi kupita kiasi. Ana gari jipya, na alitamani liwe mbele.

"Shemeji, ukipanda hilo, meno yako yatafika kabla yako," alisema mbele yetu sote. "Langu lipo, lina kiyoyozi."

"Lako litafuata nyuma," akajibu Bibi Konadu. "Na hili lisipopona, nitatembea kwa miguu. Twumasi, umesikia? Magoti yangu yako mikononi mwako."

Magoti ya Bibi Konadu yanajulikana Suame nzima. Hayafiki hata sokoni.

Mjomba akaingia kazini. Alibadilisha raba zinazoshika injini. Alishusha propela shafti akaikagua. Alisawazisha magurudumu yote. Kila Jumatatu asubuhi gari lilitetemeka vilevile. Kila Jumatatu mchana alilipeleka kwenye majaribio barabara ya Offinso, akapitia mgahawani kwa Mama Akyaa kula fufu, ugali wetu wa mihogo ya kutwanga, na akarudi nalo limetulia kabisa. Wiki nzima kimya. Jumatatu inayofuata, maji yote mapajani.

"Mjomba, huo si ugonjwa wa gari, ni umri," alisema Asubonteng, fundi wetu wa bodi, akiitazama suruali ya Mjomba iliyolowa. "Nenda nyumbani ukabadilishe."

"Nikienda nyumbani nani atakufundisha kunyoosha bati? Miaka yote hii bado unapiga kama unatwanga mihogo."

"Basi hilo gari linataka fufu. Si unaona likitoka kwa Mama Akyaa linarudi limeshiba?"

Tulicheka, lakini tarehe 2 Juni kuna mtu alibandika tonge la fufu kwenye bampa. Hadi leo hajajitokeza.

Jumatatu tarehe 9 Juni, Mama Akyaa alipiga simu kwamba bado yuko msibani kwao na hapiki. Mjomba hakuona sababu ya kwenda Offinso. Akabaki na njaa yake, akalipiga gari jeki likiwa bado baridi, akashika chaki karibu na tairi la nyuma na kulizungusha kwa mkono. Chaki ilichora duara zima, isipokuwa sehemu moja: pale tairi lilipokuwa limekanyaga chini. Pale lilikuwa bapa. La pili, hivyohivyo. Alipoinua kichwa, aliwaona wapwa wa Bibi Konadu wakivuka barabara kurudi kwake na kreti za soda ya malta.

Kreti hizo tulikuwa tukiziona tangu mwanzo. Kila Ijumaa ndugu walileta michango yao ya vinywaji, na Bibi Konadu alizifungia ndani ya Humber hadi Jumatatu asubuhi, kwa kuwa wikiendi nzima yeye yuko kwenye misiba ya wenzake. Hatukuuliza kitu. Kwetu, ukiulizia vinywaji vya msiba wa mtu, unaonekana unaomba chupa.

Mjomba alivuka barabara.

"Bibi, samahani. Si kwamba naomba chupa."

"Wote huanza hivyohivyo."

"Kreti hizi zinalala wapi?"

"Kwenye gari la mume wangu. Alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kugusa mlango wake, na sasa hawathubutu."

"Basi zinayakalia matairi tangu Ijumaa hadi Jumatatu, Bibi. Ni matairi ya aina ya zamani. Yanabonyea chini, kisha gari linachechemea."

"Na fufu je?" Asubonteng akauliza kutoka ng'ambo ya barabara.

"Safari ndefu inayapasha moto, yanarudi kuwa duara. Fufu ilikuwa yangu!"

Matairi mengine ya saizi ile yasingepatikana kabla ya Jumamosi. Humber ikapandishwa juu ya magogo, matairi yakaning'inia. Kreti zote zikahamishiwa gari la Bwana Fosuhene. Bibi Konadu alisema kiyoyozi kitazifaa. Jumamosi asubuhi Mjomba aliteremsha gari, akaenda nalo Offinso na kurudi bila kula.

Bibi Konadu alipanda akiwa na bakuli la Mjomba magotini, limejaa hadi ukingoni. Msafara ulikwenda taratibu kama inavyopasa. Nyuma yake, gari la Bwana Fosuhene lilikuja likilia chupa njia nzima. Mbele ya nyumba ya ukoo mlango wa Humber ulifunguliwa. Nguo nyeusi ya Bibi Konadu ilikuwa kavu. Bibi Konadu aliyanywa yale maji yote, akamrudishia Mjomba bakuli, na ndipo akalia.

Leo Bibi Konadu ametuma Humber hiyohiyo imrudishe Mjomba nyumbani. Imeshatoka Offinso, ina joto.

Mjomba, umetufundisha kazi na umetuvumilia. Tunakushukuru. Tumesikia umenunua kiti kikubwa cha kukaa barazani. Kikalie kwa raha, lakini usipitishe Ijumaa hadi Jumatatu bila kuinuka. Matokeo yake sote tumeyaona. Mama Akyaa anakusubiri. Maisha yako ya kustaafu yawe marefu, matamu, na ya duara pande zote.