Nikolausi Hhando, Mwanzilishi wa Mbio za Krismasi Maretadu

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wazee wetu, shikamooni. Ndugu na majirani mliotoka Basotu, Dongobesh, Yaeda Chini na kwingineko, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Agustino Hhando, mdogo wa marehemu. Familia imeniomba nisome habari za maisha yake, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Marehemu Nikolausi Hhando alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 hapa Maretadu, wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Hhando Baran na Mama Rogathe, ambao wote wamekwisha kututangulia. Alibatizwa mwaka huohuo katika parokia yetu.

Mwaka 1975 alianza Shule ya Msingi Maretadu. Darasa la nne alifeli mtihani. Baba yetu akasema basi, yatosha, arudi nyumbani achunge ng'ombe. Kesho yake asubuhi Nikolausi alikwenda peke yake kusimama mlangoni kwa mwalimu mkuu, akaomba arudie darasa. Mwalimu akamuuliza, "Baba yako anasemaje?" Akajibu, "Baba ameshaamua. Mimi bado." Alirudia, akafaulu, na akamaliza darasa la saba mwaka 1982. Jibu lile baba alilisikia, na Nikolausi alichapwa fimbo. Lakini mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari hiyo kila wageni walipofika, huku akicheka.

Mwaka 1985 marehemu alikwenda Basotu, wilaya ya Hanang, kutafuta kazi katika mashamba ya ngano. Alianza kama utingo wa trekta: kuosha, kupaka grisi, kubeba madebe ya dizeli. Mwaka 1990 alikabidhiwa trekta, na mwaka 1996 akaanza kuendesha kombaini ya kuvunia ngano. Kazi hiyo aliipenda. Mashamba yalipobadili wamiliki, yeye hakubadili kazi. Alivuna kwa tajiri huyu na yule, na wakati wa mavuno walimtafuta kwa simu mpaka kanisani.

Huko Basotu ndiko alikompata mke wake. Kila Jumamosi alishuka ziwani kununua samaki kwa Mzee Joakimu, mvuvi. Nyote mnajua sisi tuliokulia huku juu samaki hatukuwa tumewazoea, na Nikolausi hakuwala hata kidogo. Aliwagawa kwa wenzake kambini. Aliendelea kununua hivyo miezi mingi. Siku moja Mzee Joakimu akamwambia, "Kijana, wewe hununui samaki. Sema unachotaka." Akasema. Tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa takatifu na Helena Joakimu, na Mungu akawajalia watoto watatu: Violeth, Renatus na Doris. Samaki alikuja kuwala baadaye, kwa adabu ya ukweni.

Tarehe 9 Julai 2013, wakati wa mavuno, marehemu alipanda juu ya kombaini asubuhi kusafisha tangi la nafaka. Kulikuwa na umande. Wakati wa kushuka mguu uliteleza kwenye ngazi, akaanguka, akapiga kichwa kwenye chuma kabla ya kufika chini. Alipelekwa hospitali, na kutoka hapo akapewa rufaa kwenda Moshi, ambako alifanyiwa upasuaji wa kichwa. Kwa wiki kadhaa hakujitambua. Madaktari walimwambia shemeji Helena kwamba ubongo umeumia upande wa kushoto, na kwamba akiamka hatakuwa yule aliyemfahamu.

Alirudi Maretadu mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu. Maneno yalikuwa yamepotea. Na ndugu zangu, tusiseme uongo mbele ya jeneza: alikuwa na hasira ambazo hakuwa nazo kabla. Alitupa sahani. Alilia mbele za watu. Doris, aliyekuwa na miaka saba, alikaa muda mrefu bila kusikia baba akimwita jina lake, na akaanza kulala kwa jirani.

Watu walisema mengi. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni kichaa. Ukoo ulikaa kikao. Mmoja wa wazee akashauri ajengewe kibanda nyuma ya nyumba, afungiwe huko kwa usalama wake, na Helena arudi kwao Basotu na watoto apumzike. Shemeji alisikiliza mpaka wote wakamaliza. Halafu akasema, "Wazee wangu, nimewasikia. Mimi niliolewa na huyu. Akibadilika, nitaanza kumzoea upya." Akainuka, akaenda kumnywesha uji.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameagiza kwamba mgonjwa atembee kila siku. Basi alitembea. Mwanzoni ilikuwa kutoka kitandani mpaka mlangoni, Helena amemshika kiuno. Baadaye akapata fimbo na kuzunguka boma. Alianguka mara nyingi, na aliyekimbilia kumwinua aligombezwa kwa macho, kwa kuwa maneno hayakuwapo. Kwa mkono wa kushoto alijifunza kupukuchua mahindi na kuchambua maharage, na ilibidi tumwachie sehemu yake. Ukimsaidia, aliyarudisha maharage yote kwenye ungo na kuanza upya.

Neno la kwanza kurudi lilikuwa "Shikamoo." Lilikuja peke yake, bila mengine, kwa hiyo alilitumia kwa kila mtu. Alimwamkia padri, alimwamkia mkewe, aliwaamkia na watoto wanaokwenda kuteka maji. Watoto walikimbia kwa aibu; nani ataitikia shikamoo ya mzee? Siku moja binti mdogo wa jirani akasimama, akaweka ndoo chini, akasema kwa heshima zote, "Marahaba, babu. Hujambo?" Nikolausi alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Tangu aumie hatukuwa tumemsikia akicheka. Mama Doris alitoka jikoni mbio akidhani ameanguka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmemfahamu kwalo.

Krismasi ya mwaka 2015 watoto wote walikuwa nyumbani. Tarehe 26 Desemba asubuhi Renatus, ambaye wakati huo alikuwa mkimbiaji wa shule yake ya sekondari, alivaa raba ili akafanye mazoezi. Baba yake aliyekuwa ameketi kibarazani akainuka, akachukua fimbo, akamfuata.

"Baba, unakwenda wapi?" Renatus akamuuliza.

"Mbio," akajibu.

Renatus alimtazama mama yake. Helena akavua aproni, akafunga khanga vizuri, akasema, "Umemsikia. Twendeni."

Walikwenda wote, mpaka sokoni na kurudi. Jua lilikuwa limepanda walipofika, maana yeye ndiye aliyekuwa akiweka mwendo. Renatus alizoea kuwa mbele, na kila alipochomoka baba yake alimshika shati. Mara ya mwisho alipata maneno mawili: "Na mimi." Watu walitoka majumbani kutazama. Wengine walicheka. Violeth, ambaye ni mkali kama bibi yake, aliwaambia, "Mkishamaliza kucheka, njooni."

Mwaka uliofuata, siku ileile, alikuja Mama Judica kutoka Dongobesh. Alikuwa amesikia habari hizo mnadani. Alikuja na mwanawe Severine, dereva wa bodaboda aliyeanguka bila helmeti na kuumia ubongo. Kijana huyo alikuwa amekaa ndani miaka miwili. Majirani wapya hawakujua kama nyumba ile ina kijana. Mama Judica akasema, "Nimekuja kuuliza kama na wa kwangu anaruhusiwa." Nikolausi alimshika Severine mkono, wakaanza kutembea. Hakuna aliyewaambia waanze.

Hivyo ndivyo mbio zetu zilivyozaliwa. Sheria ni moja, na aliiweka yeye: hakuna mtu wa kumtangulia mgonjwa kwenye utepe wa kumalizia. Ukiwa na mbio nyingi, kimbia mpaka mbele, geuka, rudi. Wanariadha wa Mbulu mnaowajua wamekimbia nasi na wamerudi hivyohivyo, mara nyingi, bila kulalamika. Kila familia huja na ilichojaliwa, debe la mahindi au maharage, na mapato yake yamewapeleka wagonjwa kliniki, yamenunua dawa za kifafa, magongo, viti vya magurudumu, na helmeti za vijana wa bodaboda. Tangu 2018 mbio zimekuwa zikifanyika mwaka mmoja hapa Maretadu, mwaka mwingine Basotu, kando ya ziwa. Familia za wafugaji wa Hanang zilipoanza kuja na wagonjwa wao, tulikuta wapo wengi kuliko tulivyodhani. Walikuwa ndani.

Mwaka 2019 mbio zilikuwa hapa nyumbani. Marehemu akapatwa na degedege njiani, mbele ya umati. Alianguka, akatetemeka, akaumia mdomo. Watoto walipiga kelele. Baada ya hapo wakubwa tulikaa, nami nilikuwa mmoja wao, tukakubaliana kwamba mbio zisimame, kwa sababu zitamuua na lawama zitabaki kwetu. Tulimwita ili tumweleze kwa upole. Alitusikiliza. Maneno yalimtoka moja moja, akiyatafuta kama mtu anayetafuta sarafu gizani:

"Nyumbani, naanguka. Barabarani, naanguka." Akapumua. "Barabarani kuna watu."

Kikao kiliishia hapo. Mwaka uliofuata Severine alitembea upande wake wa kulia na Renatus upande wa kushoto, na nyuma yake nesi wa zahanati akiwa na mkoba wa dawa. Walifika.

Kuanzia mwaka 2023 degedege liliongezeka, na mguu wa kulia ukazidi kudhoofika. Desemba iliyopita familia ilimwandalia mkokoteni wa punda wenye godoro. Alipanda kwa kuwa Helena alimwomba. Lakini utepe ulipoonekana aligonga ubao kwa fimbo mpaka mwenye punda akasimama, akashushwa, na kipande kile akakitembea. Kilichukua muda mrefu. Watu wote walisubiri wamesimama, na wengi mliokuwapo siku ile mpo hapa.

Mwishoni mwa Mei mwaka huu alishikwa na nimonia, akalazwa. Siku mbili za mwanzo alionekana kupata nafuu, akala, akamtania Doris, ambaye sasa anasomea uuguzi na ambaye jina lake lilisharudi kinywani mwa baba yake siku nyingi. Doris alimweleza kwamba daktari amesema apumzike kabisa, asiinuke kitandani. Akamwambia binti yake, "Mwambie daktari, bado." Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa amepokea sakramenti ya wagonjwa, mkewe akiwa kando ya kitanda chake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa miaka kumi na miwili, kwa Baba Paroko, kwa jumuiya ndogondogo, kwa wavunaji wenzake wa Basotu waliochimba kaburi hili pamoja na vijana wa Maretadu, na kwa wenye punda.

Marehemu ameacha mjane, Helena. Watoto watatu, Violeth, Renatus na Doris. Mjukuu mmoja, Kelvin. Wadogo wanne, na mimi nikiwamo. Mkwe wake Mzee Joakimu, aliyesafiri jana katika uzee wake kuja kumzika. Na wenzake thelathini na moja walioumia ubongo, ambao leo wameketi mstari wa mbele pamoja na familia, kwa kuwa ndipo mahali pao.

Mbio za mwaka huu zipo. Ni tarehe 26 Desemba, hapa Maretadu. Severine ndiye atakayeweka mwendo.

Shemeji Helena hawezi kusimama kuzungumza, lakini ameniomba nifikishe neno lake, nami nalisoma kama alivyolisema. Anasema: "Wapo kati yenu ambao leo, kabla ya kuja msibani, mmemfungia mtu ndani. Siwalaumu. Mmefunga kwa sababu mnaogopa atapotea, au atawaaibisha. Sitaki rambirambi zenu. Mkitoka hapa makaburini, nendeni mkafungue. Mtoeni mtu wenu akae kwenye jua. Kesho nitapita kuwaona, maana wengine nawajua."

Kaka Nikolausi, pumzika. Mungu akupokee na akupe amani yake.