Chaza wa Jiwe

Mwaka wa vita vya Maji Maji nilipanda mtumbwi wa kwenda Mohoro. Kijana mmoja, aliyekuwa akienda, kama mimi, kupigana na Wajerumani, alimwonyesha bibi mmoja mle mtumbwini, mwokota chaza, jiwe aliloliokota vilimani Umatumbi. Lilikuwa chaza mzima, mistari yote ya ganda ikionekana.

“Bibi, kule hakuna bahari. Kama chaza aligeuka jiwe, risasi itashindwaje kugeuka maji?”

Nami niliyekunywa kama yeye dawa ya kugeuza risasi maji nikaitikia kwa kichwa, kama mwalimu wa chuoni.

Bibi akalipapasa taratibu. “Ganda ndilo lililobaki, mjukuu wangu. Mwenyewe yuko wapi?”

Mtumbwi ukagusa tope.

“Haya, nitajie jina la mama yako, nijue nani wa kumpelekea habari,” bibi akasema, akimshika kijana mkono.

“Mwantum.”

Nami, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikalitaja la mama yangu.