Persimoni Saba za Mama Nagamori

Mheshimiwa Diwani Okabayashi, Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, majirani zangu wa hapa Himi, na wewe Yoshiharu, mwanawe Mama Nagamori, uliyepanda treni ya alfajiri kutoka Osaka: karibuni ukumbini, chai ipo.

Picha hizi za ndege alizopiga Mama Nagamori zitawashangaza. Nyingi ni za kijivu, na tatu hazina ndege hata mmoja. Mimi, niliyefundisha sayansi miaka thelathini na minane, nilimshauri Mama Nagamori azichuje. Akanijibu, "Mwalimu, ukizichuja hizo, chuja na siku zangu."

Naomba nieleze. Novemba iliyopita Yoshiharu alitaka kumhamishia mama yake Osaka, maana ana miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake, na theluji yetu haina huruma. Mama akagoma. Wakakubaliana hivi: kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, ampige picha ndege kutoka dirisha la jikoni na kumtumia mwanawe kwa simu. Baridi ikiisha salama, abaki kwake. Akimtia hofu hata mara moja, afungashe.

Sote, tukichuma persimoni, matunda yetu matamu ya vuli, huwaachia ndege chache mtini. Yeye aliacha saba. Vinengenenge, wale ndege wadogo wenye pete nyeupe machoni, wakaja, na shore, yule mlafi, hakukosa. Tatizo lilikuwa mwanga. Kamera ya simu ikiona theluji hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na theluji ikatoka kama majivu. Dawa ni kuongeza mwanga kuliko kamera inavyotaka. Nilipomfundisha, alicheka: "Kumbe nayo ni bishi kama marehemu mume wangu!"

Asubuhi moja ya Januari picha zote zilitoka giza. Akaona haya, akatuma nzuri ya wiki iliyotangulia. Yoshiharu akatazama: jana persimoni mbili, leo nne. Tunda lililoliwa hurudije mtini? Akanipigia simu: "Mwalimu, kimbia! Simu ya mama ameishika mtu mwingine!"

Nilikimbia na ndara, theluji magotini. Nikamkuta Mama juu ya kigoda dirishani, simu mkononi. "Nyamaza, Mwalimu! Utamfukuza!"

Lakini hofu ilikwishaingia. Jioni ile alimwambia mwanawe, "Nilikuficha siku mbaya. Sirudii." Yoshiharu akasema ataamua baridi ikiisha. Tangu hapo alituma siku ilivyo: ukungu, mkono uliotikisika, tawi tupu. Persimoni zilipokwisha, akachomeka nusu za chenza. Je, aliye mbali hutulizwa na picha nzuri, au na picha ya leo?

Leo asubuhi, tukipanga viti, nilimuuliza Yoshiharu kama amekuja kumchukua mama. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya lile tawi tupu. Akasema, "Mwalimu, persimoni saba zilikuwa chache. Mwaka huu aache kumi na tano. Nitakuja Novemba tuchume naye zinazobaki."

Mama Nagamori, naona unajifanya hujasikia.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Tazameni sasa, na tafadhali, msizipite za kijivu.