Basi la Haraka Halisimami Nyundo

Uwingabire alikuwa anapeleka beseni lake la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Mahoko. Kwenye basi la haraka alipata kiti nyuma ya Kadiri, konvoyeri anayekusanya nauli ya basi hilo, na msichana mmoja mwenye sare ya shule.

"Banafunzi habapendi mbio," Kadiri alikuwa anasema. "Tumebaletea express, bado banapanda ile ya polepole. Banapenda kuongea njiani tu."

"Papa, express yenu haisimame Nyundo," msichana akamjibu. "Inatupitisha mbele ya shule mpaka Mahoko, kisha tunarudi kwa miguu. Ile ya polepole inatushusha kwa mulango. Sasa gani iko na mbio?"

"Bon, tukisimama kila mahali itakuwa express ya nini?"

"Pahali pamoja tu, Papa. Leo niko na examen, na ile ya polepole imekufa njiani. Kengele ikilia, mulango banafunga."

"Sheria ni ya kampuni, mwanangu."

Uwingabire alikaza mikono kwenye beseni, hasira imemjaa. Kweli basi lina mbio, aliwaza. Linakufikisha hata kule usikokwenda.

Shule ikapita dirishani. Mlinzi alikuwa bado ameshikilia lango wazi, wasichana wa mwisho wanaingia.

Basi likasimama Mahoko. Msichana akaruka chini, akaanza kukimbia kurudi Nyundo.

"Unaona?" Kadiri akamwambia Uwingabire, akimpokea beseni. "Basi iko, lakini banapenda miguu."